Kimo cha Wapendanao katika Hadithi

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Wanaosema ni Mwalimu, Bibi mmoja na Mzee mmoja, wote wawili wanafunzi wa darasa la kusoma. Kabla ya kuanza, kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya, na darasa liyasome kwa sauti: kimo, mpimaji, mjumbe, wivu, mhimili.)

MWALIMU: Walio darasani na waketi. Somo la leo si la herufi. Herufi mmekwisha kuzishinda. Leo twasoma hadithi. Twataka kujua mtungaji ana maana gani anapotuambia kwamba fulani alikuwa mrefu na fulani mfupi, hasa watu hao wanapokuwa mtu na mpenzi wake.

Tazameni ubaoni. Kimo ni urefu wa mtu, toka unyayo mpaka utosi. Mpimaji ni yule apimaye. Hayo maneno mengine tutayakuta njiani.

MZEE: Mwalimu, niwie radhi. Jambo hilo nalo lina somo? Mrefu ni mrefu, mfupi ni mfupi. Mtu akisimama ukutani atapimwa kwa futi na inchi, basi.

MWALIMU: Ukutani, naam, Mzee wangu. Lakini katika hadithi hakuna ukuta wala futi. Kuna mtu anayesema. Na mtu anayesema ana macho yake na moyo wake. Huenda ana hasira, huenda anaogopa kupigwa. Kwa hiyo kila tutakapokuta kimo katika hadithi ya mapenzi tutauliza swali moja tu: ni nani aliyepima?

MZEE: Nami nilidhani utaanza na Fumo Liyongo. Yule ndiye mrefu.

MWALIMU: Liyongo tutamfikia, Mzee. Usiondoke.

Naanza na Mwingereza, William Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1564 akafa mwaka 1616. Jina lake si geni kwetu, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere alifasiri michezo yake miwili kwa Kiswahili: mchezo wa Julius Caesar, uliotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, uliotoka mwaka 1969. Nitakayowasimulia leo ni mingine. Nimemchagua huyu kwa sababu mchezo wa kuigiza hauna msimulizi. Hakuna sauti ya pembeni inayotuambia, «Binti huyu alikuwa na futi tano.» Kila kipimo kinatoka kinywani mwa mmoja wa watu waliomo, na kwa hiyo mpimaji tunamwona kwa macho.

Mchezo wa kwanza jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Ndoto ya Usiku wa Kiangazi. Aliuandika kama mwaka 1595 au 1596. Katika mji wa Athens, kule Ugiriki, wako wasichana wawili waliokua pamoja kama pacha. Hermia ni mfupi, Helena ni mrefu. Wako na vijana wawili, Lysander na Demetrius, na wote wawili wanamtaka Hermia. Helena hatakwi na mtu, ingawa yeye anampenda Demetrius hata amekuwa kama kivuli chake. Baba yake Hermia amemchagua Demetrius; Hermia mwenyewe amemchagua Lysander. Na sheria ya mji ni kali: binti akimkataa mume aliyechaguliwa na baba yake, atauawa, ama atafungiwa maisha katika nyumba ya watawa. Basi Hermia na Lysander wanatoroka usiku kupitia msituni, na wale wawili wanawafuata.

Msituni mna viumbe mfano wa majini. Wanakamua maji ya ua fulani na kuwatia watu machoni wakiwa usingizini, na maji hayo yana uchawi: mtu akiamka, atampenda yule atakayemwona kwanza. Lysander anaamka, anamwona Helena. Halafu Demetrius naye anatiwa, naye anamwona Helena. Vijana wale wawili waliokuwa wakimlilia Hermia, sasa wanamlilia Helena. Helena haamini, anadhani wote wamefanya shauri la kumdhihaki, na Hermia yumo katika shauri hilo. Hermia naye anadhani rafiki yake amemwibia mpenzi usiku.

Hapa ndipo kimo kinapoingia. Katika ugomvi, Helena anamfananisha mwenzake na mwanasesere. Alitaka kusema kwamba Hermia ni mtu wa bandia, mwenye kujifanya. Lakini angalieni Hermia alivyolisikia neno hilo. Alisikia ufupi! Papo hapo anaona amefumbua fumbo lote: kumbe Helena amejipima naye mbele ya Lysander, amejinyosha, ameutumia urefu wake kumnyang'anya mpenzi. Anamlinganisha na mlingoti, na kumwonya kwamba hata kama yeye ni mfupi, kucha zake zaweza kuyafikia macho.

Na Lysander, aliyetoroka naye usiku ule ule, anasema nini? Anamwita mbilikimo. Anamfananisha na ushanga, na kijani kinachotambaa chini, ambacho Waingereza wa zamani waliamini kwamba humdumaza mtoto asikue.

BIBI: Ngoja kidogo, Mwalimu. Hermia alikuwa mfupi tangu jana yake, Lysander alipomwapia kwamba anampenda?

MWALIMU: Tangu jana yake, Bibi, na tangu utotoni.

BIBI: Na jana yake hakuuona huo ufupi?

MWALIMU: Aliuona, kwani ana macho. Lakini hakuutaja. Mwanzoni mwa mchezo Lysander ana maneno mengi matamu kwa Hermia, wala hamna hata neno moja la ufupi. Kimo cha Hermia hakikuongezeka wala hakikupungua usiku ule. Aliyegeuka ni mpimaji.

MZEE: Hayo hutokea hata bila maji ya ua. Mume akimchoka mkewe, ndipo anapoona kwamba miguu yake si mizuri.

BIBI: Na mke vile vile, Mzee.

MZEE: Na mke vile vile, binti yangu. Sikatai.

MWALIMU: Hebu niongeze jambo moja la jukwaani. Katika Uingereza ya siku zile wanawake hawakuigiza katika majumba ya michezo ya watu wote, mpaka mwaka 1660. Wasichana hawa wote waliigizwa na wavulana ambao sauti zao hazijavunjika. Wataalamu wengi wanadhani kwamba kampuni ya Shakespeare ilikuwa na mvulana mmoja mrefu na mmoja mfupi, naye akatunga maneno yafuate miili ya watoto aliokuwa nao. Huenda ugomvi ule mkubwa ulizaliwa kwa sababu tu wavulana wawili walisimama pamoja siku ya mazoezi na watu wakacheka. Fundi mzuri hatupi kipande cha mbao.

Tena mchezo wa pili unalionyesha jambo hili zaidi. Jina lake kwa Kiswahili ni kama Upendavyo, nao ni wa mwaka 1599 hivi. Humo yumo Rosalind, binti wa mtawala aliyefukuzwa na ndugu yake. Siku moja anatazama mieleka. Kijana mmoja, Orlando, anamwangusha bingwa ambaye kila mtu alimwogopa. Rosalind anavua mkufu wake na kumpa. Kijana anaduwaa hata hawezi kusema asante. Ndivyo walivyopendana, kabla hawajazungumza maneno ya kujaza ukurasa mmoja.

Muda si muda Rosalind naye anafukuzwa. Anashika njia pamoja na binamu yake Celia, na kwa kuwa njia ina wanyang'anyi, inafaa mmoja wao avae nguo za kiume. Nani avae? Rosalind anasema ni yeye, maana yeye ni mrefu kupita wasichana wa kawaida. Basi hicho ndicho kipimo cha kwanza, amejipima mwenyewe, kwa ajili ya usalama wa safari. Kipimo kikavu kama cha seremala.

Kipimo cha pili kinapatikana msituni. Orlando naye amekimbilia huko, naye anazunguka akibandika mashairi ya Rosalind mitini. Anakutana na bwana mmoja, Jaques, mtu wa huzuni na kejeli, asiyeona faida ya mapenzi. Jaques anamwuliza kwa kumchokoza: huyo binti kimo chake ni cha namna gani? Orlando hakutaja futi wala kiganja. Alijibu kwamba kimo chake kinafika penye moyo wake.

BIBI: Ah! Hilo jibu.

MWALIMU: Jibu hilo fundi cherehani hawezi kulishonea gauni. Lakini Rosalind amejificha karibu, katika nguo zake za kiume, na anasikia kila neno. Yule msichana aliyejiambia kwamba ni mrefu kupita kawaida, sasa amesikia amepimwa na mtu mwingine, na kipimo hicho hakina urefu wala ufupi. Mimi katika mchezo wote nalipenda jibu hili kuliko mashairi yake yote ya mitini, ambayo kusema kweli ni mashairi mabaya.

Kipimo cha tatu kinachekesha. Yuko mchungaji wa kike, Phebe, ambaye anamdharau kijana anayempenda. Rosalind, akiwa bado katika nguo za kiume, anamkemea Phebe kwa ukatili wake. Na Phebe, badala ya kukasirika, anampenda huyo «kijana» anayemkemea! Halafu anajaribu kuficha. Anaanza kumweleza kwamba hakuwa mrefu sana. Kisha hapo hapo anasema, ingawa kwa umri wake, ni mrefu. Pima, halafu pima tena, na mara ya pili kimo kimekwisha kuongezeka. Mkipata mchezo huu, msomeni Phebe kwa sauti, mmoja wenu asimame mbele. Darasa litajua kwamba amependa kabla yeye mwenyewe hajakubali.

MZEE: Na yule mtu wa kweli alikuwa na urefu gani?

MWALIMU: Alikuwa msichana mrefu aliyevaa kama mwanamume wa kadiri. Kwa hiyo Phebe, maskini, amesema kweli mara mbili.

Tena, kwa wale wanaoamini kwamba kilichopigwa chapa hakikosei: michezo ya Shakespeare ilikusanywa katika kitabu kikubwa mwaka 1623. Katika kitabu hicho, mtu mmoja wa barazani anaulizwa yupi kati ya wale binamu ni binti wa mtawala mpya, yaani Celia. Anajibu kwamba ni yule mrefu zaidi. Lakini Celia ndiye mfupi, na mbele zaidi kitabu chenyewe kinasema hivyo! Basi wahariri wengi wa baadaye wamelibadili neno, wakaandika kwamba ni yule mdogo. Nanyi mkikuta mahali kitabu kinajipinga, msidhani mara moja kwamba ninyi ndio msiojua kusoma.

(Hapa kiongozi asimamishe usomaji, aulize darasa: Kati ya Rosalind, Orlando na Phebe, ni nani aliyepima kwa macho tu?)

MWALIMU: Sasa twatoka msituni, twaenda Misri. Shakespeare aliandika mchezo wa Antony na Cleopatra kama mwaka 1606 au 1607. Cleopatra ni malkia wa Misri. Mpenzi wake Antony ni mmoja wa wakuu wa Roma. Antony amesafiri kwenda kwao, na huko, kwa ajili ya siasa, amemwoa Octavia, dada wa mkuu mwenzake. Anakuja mjumbe. Mjumbe ni mtu aliyetumwa kupeleka habari. Anamwambia malkia ukweli, kwamba Antony ameoa. Malkia anampiga, anamburura kwa nywele, hata anatoa kisu. Mjumbe anakimbia kuokoa roho yake.

Baadaye anaitwa tena, kwa sababu malkia ana swali linalomchoma. Ninyi mtadhani atauliza kama Antony anampenda yule mke. La. Swali lake la kwanza juu ya sura ya mwenzake ni hili: je, ana kimo kama changu?

BIBI: Huo ndio wivu.

MWALIMU: Wivu ndilo neno letu la nne. Andikeni. Na mjumbe anajibu nini? Mtu huyu amekwisha kuonja kofi. Anajibu kwamba Octavia hafikii kimo cha malkia. Malkia anauliza juu ya sauti yake. Mjumbe anasema ni ya chini. Mwendo wake? Anajikokota. Uso? Wa mviringo mno. Kipaji cha uso? Kifupi. Kila jibu linamfurahisha malkia, na mwishowe yeye mwenyewe anamalizia picha: mwanamke mfupi, mzito wa ulimi. Mjumbe anapewa dhahabu.

Sasa mimi nawauliza: Octavia alikuwa mfupi?

MZEE: Mjumbe alimwona, akasema.

BIBI: Mzee, wewe ungalisema nini, na mashavu bado yanawaka?

MZEE: Ningalisema Octavia ni sawa na kigoda.

MWALIMU: Basi hapo mmelipata somo la leo mahali penye hatari yake. Watu wanaofungua mchezo huu mbio mbio wataandika daftarini, «Octavia alikuwa mfupi.» Hawakusoma. Alichotuambia Shakespeare ni kwamba mjumbe alijifunza. Mara ya kwanza alileta ukweli akapata kipigo. Mara ya pili alileta kile kilichotakiwa, akapata dhahabu. Na malkia anayemiliki nchi nzima amekaa kitini akimlipa mtu amdanganye, kwa sababu ya inchi mbili tatu za mwanamke aliye ng'ambo ya bahari. Huenda Octavia alikuwa mfupi kweli. Lakini neno la mtu huyu si ushahidi.

Nitoke sasa kwenye michezo, nije kwenye kitabu chenye msimulizi. Mwaka 1847 huko Uingereza kilitoka kitabu kiitwacho Jane Eyre. Kilitoka kwa jina la Currer Bell, nalo lilikuwa jina la kuficha. Mtungaji alikuwa mwanamke, Charlotte Brontë, binti wa kasisi, ambaye mwenyewe alikuwa na mwili mdogo sana. Jane ni yatima, mdogo wa umbo, hana uzuri wa kutajwa, naye ndiye anayesimulia. Ameajiriwa kufundisha mtoto katika nyumba kubwa ya bwana mmoja, Rochester. Huyu bwana hakufanywa jitu zuri la hadithi. Jane anatuambia ni mtu wa kimo cha kadiri, mwenye kifua kipana na uso mkali.

Angalieni wanavyokutana. Jioni ya baridi, barabara imeganda barafu. Mpanda farasi anateleza, anaanguka, anateguka mguu. Jane hamjui. Bwana yule, mwenye mali na nyumba na watumishi, hana la kufanya ila kuweka mkono wake juu ya bega la msichana mdogo, na kuchechemea mpaka kwa farasi wake.

Kurasa nyingi zinapita. Anakuja binti wa kitajiri, Blanche Ingram, mrefu, mwenye fahari, na kila mtu nyumbani anasema atakuwa bibi arusi. Jane anajichora picha yake, na kumchora Blanche, aziweke pamoja, ajikanye asitamani kisichokuwa chake. Hapo mpimaji ni yeye mwenyewe, na kwa kweli anajipima kwa ukatili. Rochester hamchukui yule mrefu. Na mwishoni, baada ya moto uliochoma nyumba, Rochester amekuwa kipofu na amepoteza mkono mmoja. Jane anarudi. Wanatembea, naye anatueleza jambo dogo: kwa kuwa yeye ni mfupi kuliko Rochester kwa kiasi kikubwa, aliweza kuwa mhimili wake na kiongozi wake pia.

Mhimili ndilo neno la mwisho ubaoni. Ni nguzo ya kuegemea. Fikirini wenyewe: kipofu huegemea wapi? Begani pa mtu aliye chini yake kidogo. Ufupi ambao Jane aliuhesabu kama upungufu mbele ya Blanche, katika ukurasa huu una kazi ya kufanya. Wala Brontë hakumrefusha Jane ili apendwe. Wako watungaji wengi ambao, mtu wao mfupi akisha kupendwa, wanasahau kwamba ni mfupi. Yeye hakusahau.

BIBI: Mwalimu, hiyo ni vitabuni. Katika sinema mimi sijaona bwana mfupi na bibi mrefu wakipendana, ila iwe ya kuchekesha.

MWALIMU: Umeona, Bibi, lakini umefichwa. Katika sinema ya Casablanca, ya mwaka 1942, bwana ni Humphrey Bogart na bibi ni Ingrid Bergman. Bergman alimzidi Bogart kidogo. Basi Bogart alivaa viatu vya kuongeza kimo. Na mwaka 1957 ilitoka sinema ya Boy on a Dolphin, iliyopigwa kule Ugiriki, ambayo Sophia Loren aliigiza pamoja na Alan Ladd. Loren alikuwa mrefu zaidi. Walipotakiwa kutembea pamoja ufukoni, mchangani palichimbwa mfereji, na bibi akatembea ndani ya mfereji, mwenzake juu.

MZEE: (Anacheka.) Mfereji!

MWALIMU: Mfereji, Mzee. Shakespeare alipokuwa na mtoto mrefu na mtoto mfupi, alitunga ugomvi ambao watu bado wanautazama baada ya miaka mia nne na zaidi. Wenye sinema walipokuwa na bibi mrefu na bwana mfupi, walichukua majembe.

BIBI: Lakini walijua watu hawatapenda. Hata mitaani ni hivyo. Msichana mrefu huambiwa, «Wewe utaolewa na nani?»

MWALIMU: Ni kweli huambiwa. Na swali hilo lisipite hivi hivi, maana wako wanaoliamini mpaka wanatembea wameinama. Kwa jumla wanaume huwazidi wanawake kimo. Katika nchi nyingi ni kama sentimita 12 au 13. Kwa hiyo hata watu wangeoana bila kutazama kimo kabisa, waume warefu wangekuwa wengi. Mwaka 1980 ilitolewa hesabu ya ndoa 720 za Marekani. Wenye hesabu waliona kwamba kama watu hawachagui kwa kimo, mke angemzidi mume katika ndoa 2 hivi kwa kila 100, yaani kama ndoa 14 katika zile 720. Walipata ngapi? Moja tu. Maana yake watu wale walikuwa wakichagua.

Wengine wakasema, basi, hii ni asili ya binadamu, ndivyo tulivyoumbwa. Wataalamu wawili, Rebecca Sear na Frank Marlowe, wakaja kuwatazama Wahadza, wale wawindaji na wachumaji wa karibu na Ziwa Eyasi, hapa Tanzania, na mwaka 2009 wakatoa habari zao. Katika ndoa za Wahadza, wake waliowazidi waume zao kimo walikuwa karibu 8 katika kila ndoa 100, na hiyo ni kadiri ile ile ambayo ingetokea kwa bahati tu. Hawakuwa wakichagua kwa kimo.

BIBI: Yaani kule msichana mrefu haambiwi neno.

MWALIMU: Wataalamu walihesabu ndoa, Bibi, hawakuhesabu maneno. Lakini ndoa zenyewe hazikumnyima mume.

MZEE: Mwalimu, saa inakwisha, na Liyongo hajafika.

MWALIMU: Amefika, Mzee. Utenzi wa Liyongo tulio nao, ulioandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, unamsifu shujaa huyu wa pwani ya kaskazini kwa urefu na upana wa ajabu. Nawe Mzee wajua alivyokufa.

MZEE: Mwanawe mwenyewe alimchoma sindano ya shaba kitovuni, usingizini. Akafa amepiga magoti, upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai.

MWALIMU: Ndivyo. Sasa yule mwana alitoka wapi? Wagala, ambao leo twawaita Waoromo, walimwona Liyongo kule Pate, wakastaajabia mwili wake. Wakataka mbegu yake, wapate kwao watu wa namna ile. Kwa hiyo akaozwa binti wao. Twambie, Mzee, utenzi unasema Liyongo alikuwa mkubwa. Mpimaji ni nani?

MZEE: Wagala. Na hao walikuwa na haja yao.

MWALIMU: Na mfalme wa Pate naye alimpima, kwa hofu, kwa sababu alidhani atanyang'anywa ufalme. Wote wawili waliuona mwili ule ule. Mmoja aliona mbegu, mwingine aliona adui. Na yule mke, je? Alikuwa na kimo gani alipokaa karibu na jitu lile?

MZEE: Sijapata kusikia.

MWALIMU: Hukusikia kwa sababu hakuna aliyempima. Alitolewa kwa ajili ya mtoto atakayemzaa. Hiyo ndiyo kazi yenu ya juma hili. Kila mwanafunzi aandike mistari mitano juu ya siku ya arusi ile, akieleza bibi arusi alivyoonekana kando ya Liyongo. Mara ya kwanza msimulizi awe mama yake binti. Mara ya pili msimulizi awe mtu wa mfalme aliyetumwa kupeleleza. Msitumie futi wala inchi.

BIBI: Na mara ya tatu, Mwalimu, asimulie yeye mwenyewe?

MWALIMU: Andika, Bibi. Hiyo utaisoma wewe mbele ya darasa. Viongozi, kusanyeni madaftari siku ya somo, na wale ambao mikono yao bado ni mizito waandike mistari mitatu tu. Kwaherini.